Wivu Nambari Moja

Ipo nchi moja, si yetu, Mungu apishe mbali, na wala haipakani na yetu kwa upande wowote unaoonekana kwenye ramani, ambako wivu ni kazi ya serikali. Huko mtu hakai na wivu wake chumbani ukamla maini. Anakwenda ofisini, anapanga foleni, anauandikisha.

Inasemwa mtawala wao wa kwanza aliletewa na mgeni zawadi ya mwavuli wa hariri wenye mpini wa pembe. Siku ile ile mitaa miwili ikapigana mpaka maghala ya mpunga yakaungua, kila mtu akiuliza kwa nini mvua imnyeshee yeye. Mtawala akaona wivu hauzuiliki, basi na uwekewe utaratibu. Likaanzishwa Daftari la Wivu. Tangu hapo raia akipata neema iliyozidi kuku mmoja, neema hiyo hubandikwa ukutani siku arubaini. Mwenye wivu anakuja, anachovya dole gumba kwenye wino wa zambarau, anapewa nambari. Na neema haisogei, iwe cherehani, iwe mchumba, mpaka kila mwenye dole alifute mwenyewe. Majina hayatajwi, maana wivu ni siri ya raia. Neema za viongozi tu ndizo hazibandikwi, kwa kuwa katiba imeeleza wazi kwamba kiongozi hapati neema, hubeba mzigo.

Katika nchi hiyo aliishi Bi Mwanamize binti Haji, mlezi wa Nyumba ya Watoto ya Mlangotatu. Alikuwa mfupi, mtu mzima wa miaka hamsini na tisa, mwenye hereni nzito za fedha zilizovuta ndewe za masikio yake mpaka zikakaribia shingo. Subira yake, wenzake walisema, ingechemsha jiwe likaiva.

Siku moja kililetwa pale kikapu kilichookotwa sokoni, kwenye banda la wauza ndimu, na ndani yake mtoto wa kike. Likapigwa tangazo misikitini, makanisani, redioni, hata uwanja wa mpira wakati wa mapumziko. Hakutokea shangazi wala mjomba. Wakamwita Chiku, jina la mtoto mwenye maneno mengi, kwa jinsi alivyolia kwa madaha. Walipokuja kugundua kwamba hasikii hata sinia likianguka sakafuni, jina lilikuwa limeshagongwa mhuri, na katika nchi hiyo ni rahisi kubadilisha mtoto kuliko kubadilisha mhuri.

Basi Bi Mwanamize na Chiku wakajitungia maneno ya mikono, kiasi cha arubaini hivi. Vidole vitatu kinywani ni uji. Kiganja utosini ni mvua. Kuvuta ndewe ni Bi Mwanamize mwenyewe, na Chiku aliivuta ya kwake tangu alfajiri hadi magharibi, ikawa nyekundu kama tunda. Skuli ya watoto wasiosikia ilikuwapo nchini, tena ilikuwa imefunguliwa mara tatu, kwenye kiwanja kile kile, na mawaziri watatu tofauti. Utepe umehifadhiwa vizuri. Skuli yenyewe haijajengwa.

Chiku alipotimiza miaka mitano ikaja barua. Huko ng'ambo, katika nchi ambako maji ya ziwa hugeuka sakafu watu wakatembea juu yake, waliishi Bibi Ilva na mumewe Tormo, fundi seremala. Wote wawili hawakusikia tangu kuzaliwa. Mji wao ulikuwa na skuli ambamo walimu na wanafunzi wote husema kwa mikono, hata kengele yake ni taa. Miaka kumi na miwili walikuwa wametandika kitanda kidogo kisicho na mtu wa kukilalia. Waliomba wamchukue Chiku awe mtoto wao kabisa, kwa sheria. Wakatia na picha ya kitanda: cha mbao nyeupe, na blanketi la bluu lililodariziwa mabata saba.

Bi Mwanamize alihesabu mabata yale. Akasema mojawapo lina shingo ya mbuni.

Lakini kilichomchoma si mabata. Ndani ya barua mlikuwa na michoro ya mikono: hivi ndivyo kusema mti, hivi ndivyo ndege, hivi ndivyo kesho. Bi Mwanamize hakuwa na neno la kesho. Miaka mitano, maneno arubaini, na kesho hakuifikiria. Chiku alilijifunza kwa mchana mmoja, akashinda nalo uani, kesho kesho kesho, kama mtoto aliyepewa peremende akaogopa kuitafuna isije ikaisha.

"Hajamwogesha siku moja," Bi Mwanamize alimwambia Bi Asumini wa jikoni, huku akichambua mchele uliokwisha chambuliwa. "Hajui hata kama anapenda uji wa mtama au wa sembe. Anakaa huko kwenye barafu ananifundishia mtoto kesho!"

"Shoga, una wivu."

"Mimi? Mimi tumbo limenijaa gesi."

Neema ya Chiku ilipobandikwa ukutani, mtu wa kwanza kufika ofisi ya Daftari alikuwa mwanamke mfupi aliyejifunika mtandio mpaka puani. Ila hereni zilitokeza. Karani Hitimu, mzee wa miwani iliyofungwa kwa uzi, alizitazama hereni zile. Akasogeza wino.

"Wivu kwa mtoto, au kwa mtu mwingine?"

"Lazima niseme?"

"Kuna kisanduku cha kujaza. Hakijajazwa tangu niajiriwe, lakini kipo."

Yule mwanamke akatazama dole lake. "Kwa mama," akasema.

Likaandikwa hivyo: nambari moja, kwa mama.

Sasa sikilizeni mambo yalivyo. Mtoto wa nchi ile haendi kulelewa ng'ambo mpaka Bunge liwe limetunga sura ya sheria inayohusika. Sura ilikuwapo. Kichwa chake kilikuwa "Watoto Wanaolelewa Ng'ambo", na chini ya kichwa ukurasa mweupe, ambao kila Bunge jipya liliupitisha kwa kauli moja. Na kulikuwa na kanuni nyingine: mtoto akitimiza miaka saba hahamishwi tena, kama mche wa mkarafuu uliokwisha shika mizizi. Ilibidi apatikane mtu wa kwenda kuwasukuma wabunge waugeukie ukurasa ule. Nyumba ya Mlangotatu ikamtafuta mwenye subira. Wote wakamtazama Bi Mwanamize.

Angesemaje? Akasema, "Haya."

Akawa anakwenda kila Jumanne, Chiku mkononi, picha ya kitanda kwenye mkoba, na dole gumba la zambarau limefichwa ndani ya ngumi. Moyo mmoja ulisukuma mlango, moyo mwingine ulishikilia komeo.

Wa kwanza kumpokea alikuwa Mheshimiwa Mbarazi, mwenyekiti wa Kamati ya Ustawi, mtu mpana, ambaye hata akiomba maji alianza na "Nchi yetu tukufu".

"Nchi yetu tukufu inakusikiliza, mama."

"Mheshimiwa, nimekuja kuhusu ule ukurasa mweupe. Tunaomba uandikwe. Huyu mtoto ana wazazi wanaomngoja."

"Ukurasa ule ni urithi, mama. Marehemu baba yangu aliupitisha mara nne. Unataka nichafue alipopasafisha baba?" Akanyoosha mkono kuipokea picha. "Hiki kitanda cha nani?"

"Cha mtoto."

"Na nani?"

"Peke yake."

"Peke yake!" Akaisogeza picha karibu na macho. "Na hawa mabata, wamedariziwa kwa mkono?"

"Na Bibi Ilva mwenyewe. Huyo mmoja shingo imemshinda."

Mheshimiwa akapitisha kidole juu ya lile bata. "Mke wangu," alisema hatimaye, kwa sauti isiyokuwa na nchi tukufu ndani yake, "hajanidarizia hata leso."

Kesho yake asubuhi Daftari likawa na dole nambari mbili.

Picha ikapita mkono kwa mkono katika Bunge zima, ikarudi imepauka, ina alama za samli. Mbunge mmoja aliona wivu kwamba mtoto atapanda ndege akae dirishani. Mwingine, kwamba atapokelewa na watu walioshika kibao chenye jina lake. Mwingine alisikia kwamba Tormo anachonga farasi wa mbao wa kubembea, akatoka ukumbini machozi yanamlengalenga. Bunge lile lina wajumbe mia mbili na kumi na wawili. Mwisho wa mwezi Daftari lilikuwa na madole mia mbili na kumi na matatu, na hakuna aliyejua la ziada ni la nani.

"Wenye roho mbaya hawakosekani," alisema Mheshimiwa Mbarazi, akisugua wino kwenye dole lake.

Bi Mwanamize akaikaza ngumi yake.

Ikaundwa Kamati ya Kukagua Kitanda. Wajumbe arubaini walisafiri mpaka kwa Bibi Ilva, makoti wameazimwa na serikali, na kwa kuwa kamati haiamini jambo la kusikia, kila mmoja alilala juu ya kile kitanda kwa zamu. Kilivunjika kwa mjumbe wa kumi na saba. Waliobaki walikilalia kikiwa sakafuni, haki itendeke. Taarifa yao, kurasa mia na sita, ilisema hivi: kitanda kinamtosha mtoto, lakini kinambana mbunge.

Bibi Ilva akaandika barua. "Wageni wenu walikuwa watu wa upendo. Wote walitaka kulala. Tormo ametengeneza kitanda upya, safari hii chenye miguu sita."

Bi Mwanamize alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akakasirika, kwa kuwa alikuwa amecheka pamoja na yule mwanamke, na hilo hakulikusudia.

Mwaka wa kwanza ukapita, wa pili ukaja. Bunge likaanza kujadili, na ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Mheshimiwa mmoja alipendekeza neno "mtoto" lipanuliwe. "Nchi yetu tukufu isibague kwa umri!" alinguruma. "Mtoto ni mtu yeyote ambaye wazazi wake hawapo, au wapo lakini hawamwelewi!" Meza zikapigwa. Kwa maana hiyo wajumbe mia na tisini walikuwa watoto papo hapo, na wengine wakaanza kuuliza kama ng'ambo kuna kitanda kipana zaidi. Hotuba zikafuatana kama siafu. Kule juu, kwenye viti vya wageni, Chiku alitazama midomo mia mbili ikifunguka na kufumbika. Akamgusa Bi Mwanamize, akanyoosha mkono: kesho?

Bi Mwanamize akatikisa kichwa. Bado.

Zilibaki siku kumi na tisa Chiku atimize miaka saba.

Jumanne ile walikwenda ofisi ya Daftari kuulizia kama lipo dole lililofutwa. Hapakuwa na hata moja. Foleni ilikuwa ndefu, kuna mtu alikuwa amenunua redio. Ukutani zilibandikwa Kanuni za Wivu, ubao mrefu, na Bi Mwanamize, ambaye alisoma mpaka darasa la saba na akashika kwamba kitu kilichoandikwa husomwa mpaka mwisho, akaanza kuusoma kwa kidole. Watu husoma kanuni ya kwanza na ya pili. Yeye alifika ya tisa, chini kabisa, ambako herufi zilikuwa ndogo kama chawa, ikabidi achuchumae.

Ilisema: *Anayeona wivu kwa neema ya mwenzake, na avae kwanza shida ya mwenzake siku moja, tangu jua kuchomoza hadi kuchwa. Akiweza, dole lake litasimama. Asiyeweza, na alifute.*

Akasoma tena. Akabaki amechuchumaa vile vile, kidole ukutani.

Maana aliona mambo mawili kwa mpigo. La kwanza, kwamba waheshimiwa wamepatikana. La pili, kwamba kanuni haikusema waheshimiwa peke yao. Na hakuna mtu mwingine aliyeijua. Angesimama tu, akajipangusa vumbi, akarudi nyumbani na Chiku. Siku kumi na tisa si nyingi. Baada ya hapo mche umeshika mizizi, wala hakuna ambaye angemlaumu. Miaka miwili ya Jumanne! Wangempa hata kanga.

Kitu kikamvuta mtandio. Chiku. Macho yake yalikuwa kwenye ule ubao ambao hakuujua, na mkono wake ulikuwa umeshanyooka: kesho?

"Karani," Bi Mwanamize aliita. "Hebu njoo na miwani yako."

Mzee Hitimu akaja, akainama, akasoma. "Miaka thelathini na moja nipo hapa," alisema. "Hakuna aliyewahi kufika mstari huu." Kisha akamtazama, akatazama na ile ngumi. "Umeusoma vizuri, Bi Mwanamize? Wote?"

"Nimesoma. Andika barua, babu, kabla sijabadilika."

Na katika nchi ile kanuni ni kanuni, hasa ikiwa hakuna aliyewahi kuitumia. Alhamisi jua lilipochomoza, waheshimiwa mia mbili na kumi na wawili walipewa kila mmoja pamba ya masikio mawili, wakaamriwa wavae shida ya Chiku: wasisikie, wala kinywa kisitamke, hadi jua kuchwa. Kikao kiliendelea kama kawaida, kwa kuwa Bunge haliahirishwi kwa sababu ya ukimya.

Saa moja walikuwa wanatabasamu. Saa mbili Mheshimiwa Mbarazi alisimama, akatoa karatasi za hotuba, akakumbuka, akakaa. Saa tatu wakaanza kuelekezeana kwa vidole. Mmoja alitaka maji, akaletewa kiti. Mwingine alishika tumbo kuomba ruhusa ya kutoka, akapigiwa makofi. Mwandishi wa kumbukumbu, ambaye kwa miaka yote alikuwa akiandika mpaka kidole kikavimba, aliandika mstari mmoja, "Bunge limenyamaza", akalaza kichwa mezani akalala usingizi mtamu.

Kule juu Chiku alikuwa amesimama juu ya kiti. Hajawahi kuona nyumba kubwa namna ile ikisema kwa mikono! Alitazama, akatazama, kisha akamgeukia Bi Mwanamize na uso wa mwalimu aliyeonewa. Alionyesha chini. Alipunga mikono ovyo ovyo, akakunja pua. Hawajui, alisema. Hata uji hawajui.

Bi Mwanamize akacheka kwa machozi.

Kabla ya saa nne mbunge wa kwanza alikimbilia meza ya Karani Hitimu, iliyowekwa siku hiyo pale ukumbini, akafuta dole lake, akazibua pamba akapiga kelele tu, isiyokuwa na maneno. Saa sita walikuwa wameshafuta wote. Lakini Spika, ambaye hakuwa na dole Daftarini, alikuwa mjanja kuliko wao: baada ya kelele ile alikuwa ameweka mbele yao karatasi ya ule ukurasa, umeandikwa sasa, mistari kumi na miwili, na juu yake onyo kwamba hakuna mwingine kuzibua pamba kabla ya kupiga kura. Mikono ikanyooka yote. Ni sheria pekee katika historia ya nchi ile iliyopita bila hotuba, na ndiyo pekee ambayo watu waliisoma wakaielewa.

"Nchi yetu tukufu imeshinda!" Mheshimiwa Mbarazi alinguruma, vipande vya pamba vingali masikioni. "Mtoto aende!"

"Bado limebaki dole moja," alisema Karani Hitimu.

"La nani? Ni nani huyo mwenye roho ya korosho?"

"Wivu ni siri ya raia, Mheshimiwa."

Waheshimiwa wakakaguana madole. Halafu juu, kwenye viti vya wageni, mwanamke mfupi akasimama, akakunjua ngumi yake. Dole lilikuwa la zambarau mpaka kwenye kucha.

"Ni langu."

"Wewe!" Mbarazi alishika kichwa. "Wewe uliyetuotesha sugu za masikio kila Jumanne? Kumbe na wewe unakitaka kitanda?"

"Kitanda mngeniachia kipi, baba? Mmekivunja."

Wengine walicheka, wengine wakatazama viatu vyao. Spika akaomba daftari lisomwe. Karani akasoma: "Nambari moja. Wivu kwa mama."

"Na huyo mama ana shida gani ya kuvaliwa?"

Mzee Hitimu alifungua jalada, akapanguza miwani, akachelewa kidogo kuliko ilivyohitajika. "Hana mtoto, Mheshimiwa Spika."

Mheshimiwa Mbarazi alivisukuma vile vipande vya pamba vikarudi ndani ya masikio.

"Basi, mama," alisema Spika, kwa upole ambao haukuwa wa cheo chake, "kanuni inasema siku moja. Ukae siku moja bila mtoto. Ukiweza, dole lako litasimama, na mtoto atabaki kwako."

Bi Mwanamize aliteremka ngazi taratibu, Chiku nyuma yake ameshika ncha ya mtandio. Akafika mezani.

"Siku moja ni ya kuazima," alisema. "Mtu akiazima, humrudishia mwenyewe. Mimi nimeipima shida ya yule mwanamke tangu barua ya kwanza. Itanienea. Naichukua moja kwa moja."

Akalamba dole, akafuta. Wino wa zamani hautoki haraka. Akalamba tena, akafuta tena, mpaka karatasi ikatoboka.

Uwanja wa ndege Chiku alivaa sweta mbili. Alipofika mlangoni aligeuka, akavuta ndewe, halafu akanyoosha mkono: kesho. Ndewe, kesho. Ndewe, kesho. Mpaka mlango ukafungwa. Kitanda cha pembeni pale Mlangotatu Bi Mwanamize alikitandika kila asubuhi, na Bi Asumini, ambaye mdomo wake haukuwa na breki, aliona akapita bila neno.

Baada ya miezi mitatu ikaja barua.

"Anakula vizuri," aliandika Bibi Ilva. "Anapenda uji wa mtama, nimeutafuta miji mitatu. Skuli anasema kuliko wote. Lakini kuna neno moja silijui. Kila asubuhi anasimama dirishani anavuta sikio lake, na uso wake unakuwa uso ambao kwangu hajawahi kuuonyesha. Nimetafuta katika vitabu vyote vya alama, halimo. Nimemuuliza, ananitazama kama mtu asiyesoma. Nimeambiwa huko kwenu kuna ofisi. Tafadhali, uniandikishie wivu wangu."

Bi Mwanamize alisoma barua ile amesimama, akairudia amekaa. Akavaa kanga yake ya Ijumaa akaenda kwa Karani Hitimu, akaweka barua mezani.

"Wivu kwa nani?" mzee aliuliza, kalamu mkononi.

"Kwangu," alisema Bi Mwanamize, na shingo yake ikarefuka kuliko ile ya bata. "Andika kwa herufi kubwa, babu."

Alikusudia amngojeshe Bibi Ilva siku arubaini, kama sheria inavyotaka. Ya tatu ilimshinda. Akachukua karatasi, akachora sikio, akachora na ndewe ndefu iliyokaribia shingo, kwa uangalifu, akifuta na kurudia. Hereni hakuichora. Hiyo alimwachia Chiku amweleze mama yake.